Pua Kwanza, Kiberiti Baadaye

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi. Malori kumi na manne yamejipanga kwenye uwanja wa changarawe kando ya barabara kuu, na madereva wananawa uso kwa maji ya chupa. Kwenye kona, ubavuni mwa ukuta wa gereji, limesimama tela jeupe lenye urefu wa hatua sita. Mlango uko wazi, dirisha la kuuzia limefunguliwa, lakini ndani hakujawashwa kitu.

Mwanamke mwenye kitambaa cha buluu kichwani ameinama mbele ya tela, pale mtungi wa gesi ulipofungwa kwa mnyororo. Mkononi ana sifongo lenye povu la sabuni. Analipaka kwenye koki na kwenye maungio ya mpira, kisha anachuchumaa na kutazama. Gesi ikivuja, povu litatoa viputo. Povu limetulia. Analifuta, anapaka tena, anatazama upya.

"Povu halijui kudanganya," anasema, akijifuta mikono kwenye aproni. "Sisi watu ndio tunajua."

Hapa uwanjani anaitwa Mama Tela. Yeye na mumewe hawakujaliwa mtoto, na madereva, ambao huona haya kumwita mtu mzima kwa jina lake, waliamua tela ndilo liwe mtoto wao. Mumewe basi ni Baba Tela. Yuko kwenye kiti cha plastiki chini ya dirisha, mikono yote miwili imevalishwa glavu za kubana makovu. Vidole vitatu vya mkono wa kulia havikunjuki tena.

Biashara yao ni espreso, ile kahawa fupi na nzito inayokamuliwa kwa nguvu na kujaa nusu ya kikombe kidogo. Kuipika vizuri hotelini, kwenye mashine kubwa ya umeme, si ajabu. Kuipika ndani ya nyumba yenye magurudumu, leo kwenye vumbi na kesho kwenye tope, ni kazi ya mtu mwenye subira na ukaidi kwa pamoja.

Mama Tela anaweka pima maji ya waashi juu ya meza. Tela likiinama upande, maji hupita upande mmoja wa unga na kahawa hutoka chungu na chachu kwa wakati mmoja. Anapachika kibao chini ya gurudumu, anapima tena. Anasaga buni kwa kinu cha mkono, anapima gramu kumi na nane, anaushindilia unga kwenye kikombe cha chuma chenye mpini. Birika likichemka, anamimina maji kwenye mashine na kuushusha mkono wake wa chuma polepole, kwa uzito wa mwili mzima.

"Moja, mbili, tatu..." Anahesabu kwa sauti hadi ishirini na nane. Kahawa inashuka nyembamba, juu yake povu la rangi ya asali.

Kikombe cha kwanza hakiuzwi. Anampa mzee mmoja anayeendesha lori la saruji, anayelala uwanjani hapa mara tatu kwa wiki. Mzee anaonja, anakunja uso.

"Leo imekuja na ukali kidogo, mama. Mwishoni hapa."

Mama Tela anakizungusha kinu kidogo ili unga uwe mnene zaidi, anarudia. Madereva hudhani kikombe hicho cha kwanza ni takrima. Mwandishi wa makala haya naye alidhani hivyo siku ya kwanza, akaandika kwenye daftari lake neno "ukarimu" na kulipigia mstari. Daftari hilo sasa linamtia aibu.

Wawili hawa wameishi barabarani miaka tisa. Mke alikuwa mhudumu wa hoteli. Mume alikuwa fundi wa kupiga rangi magari. Walilikuta tela limetupwa kwenye uwanja wa vyuma chakavu, paa limetoboka, panya wamejenga. Mume alilipiga rangi, mke akatafuta mashine ya mkono. Walifuata kazi za barabara, mavuno, mabwawa, popote watu walipolala mbali na kwao. Siku nzuri waliuza vikombe mia na ishirini. Siku hizi vikifika arobaini wanashukuru.

"Nyumba yetu ilikuwa kubwa mno," anatania Baba Tela. "Mtu akikohoa kitandani, kahawa inamwagika jikoni."

Miaka ya kupiga rangi bila kinga ilikuwa imemharibu pua. Hasikii harufu ya kitu chochote, labda moshi ukimwingia machoni. Kwa hiyo mke ndiye aliyekuwa pua ya nyumba. Alinusa buni kabla ya kununua, alinusa unga kabla ya kuushindilia, na kila asubuhi, kabla ya moto wowote kuwashwa, aliinama kwenye kabati la mtungi, ambao siku hizo ulikaa ndani, na kunusa gesi. Mume aliandika sheria hiyo kwa rangi nyekundu nyuma ya mlango: PUA KWANZA, KIBERITI BAADAYE. Maneno bado yapo. Yamegeuka kahawia kwa moto.

Moto huo uliwaka mwaka mmoja na miezi miwili iliyopita. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo na mlango ulikuwa umefungwa kuzuia maji. Mume alikuwa amelala zamu ya mchana baada ya kuvuta tela usiku kucha, akaamka saa kumi jioni, akachukua kiberiti ili aanze kuchemsha maji. Kama kawaida yake, aliuliza, "Umenusa?"

Mke, aliyekuwa amesimama mlangoni akivaa viatu vya mvua, alijibu, "Nimenusa."

Mpira wa gesi ulikuwa umepasuka nyuma ya kabati. Dirisha liling'olewa, godoro likaungua, na mikono ya mume ikashika moto hadi kwenye viwiko. Alilazwa wiki kumi na moja. Kwa kila aliyeuliza, jibu lilikuwa moja: mpira ulikatika ghafla, ajali haina kinga.

Siku ya pili ya mazungumzo haya, Baba Tela akiwa amekwenda kliniki, mkewe alimwambia mwandishi jambo ambalo, ukimtoa daktari, hakuwahi kumwambia mtu.

"Sikunusa," alisema. "Sina pua."

Miezi mitano kabla ya moto alishikwa na homa iliyomlaza siku kumi na mbili. Alipopona, alifungua gunia la buni iliyokaangwa juzi yake akaona ni kama amefungua gunia la mchanga. Alinusa sabuni, kitunguu, viatu vya mumewe. Kote kutupu. Alidhani itarudi, akaanza kupika kwa sekunde, kwa mizani na kwa rangi, na kikombe cha kwanza akawa anampa mtu amwambie ukweli.

"Na gesi?"

"Nilikuwa nainama tu. Nikiinuka nasema nimenusa. Mpika kahawa asiyenusa ni nani, ndugu yangu? Na yeye alikuwa ananitegemea. Niliona haya. Siku ile hata kuinama sikuinama."

Wahenga walishasema kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Kwa Mama Tela kilio kilikuja na maradhi yakabaki palepale, yamefichwa. Mwaka mzima amemlisha mumewe kwa kijiko, amemfunga vifungo vya shati, amemwogesha, huku akiombewa baraka na majirani kwa uvumilivu wake. Kila baraka, anasema, ilimchoma.

"Usiandike kabla sijamwambia," aliomba. "Asije akasomewa kwenye gazeti."

Mwandishi alikubali, na kwa kweli alitamani asingeambiwa.

Siku ya tatu dirisha halikufunguliwa. Saa mbili ilipita, madereva waliondoka na midomo mikavu. Ndani, mume na mke walikuwa wameketi kwenye ncha mbili za kitanda, ambazo katika tela lile hazizidi hatua moja. Macho ya Mama Tela yalikuwa yamevimba.

"Kaa," alisema Baba Tela. "Ameshaniambia. Na mimi nina langu, na nataka nilisemee mbele ya mtu, maana tukibaki wawili nitanyamaza tena."

Alisimulia kwamba miezi miwili kabla ya moto, kwenye kambi ya wakata mawe, taa ilipinduka na mafuta ya taa yakalowesha gunia la buni. Asubuhi mkewe alisaga buni ileile na kupika. Mteja wa kwanza alionja, akatema, akamfuata Baba Tela nyuma ya tela na kumwambia kahawa ina mafuta. Baba Tela alimrudishia hela yake na kumsihi aondoke bila kusema neno. Kisha alilitupa gunia, akamwambia mkewe limenyeshewa.

"Mimi sinusi, lakini nina ulimi. Nilionja nikaelewa. Mke wangu yule wa kabla ya homa angelitambua gunia lile akiwa bado kitandani."

"Ulijua," alisema mkewe. Haikuwa sauti ya kuuliza.

"Nilijua."

"Na siku ile ukaniuliza, 'Umenusa?'"

"Nikakuuliza. Nisingeuliza, ungetambua kuwa najua. Nilitaka uniambie mwenyewe, siku utakayokuwa tayari. Nilikuwa nakusitiri, mama."

"Ukawasha."

"Nikawasha. Ulivyosema umenusa, nikasema labda imerudi." Aliinua mikono yake ndani ya glavu, akaitazama. "Watu wanasema ajali haina kinga. Ile ilikuwa na kinga mbili, na zote mbili zilikaa kimya kwa adabu."

Msomaji anayetarajia kukumbatiana hapa atasubiri sana. Mama Tela alisimama, akaanza kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

"Mwaka mzima," alisema akiwa ameelekea ukutani, "mwaka mzima nakuosha nikijiona mimi ndiye niliyekuchoma. Na wewe umelala hapo unajua."

"Na mimi mwaka mzima nikijua haya nimejitakia. Nikisema, nitaonekana nakubebesha lawama. Nikinyamaza, unalia bafuni. Nikachagua kunyamaza, kwa sababu ndicho tulichozoea."

Alivisuuza vikombe vyote kumi na viwili, akavipanga, akavishusha, akavisuuza tena.

Hali yao haina cha kupamba. Vidole vya mume vinahitaji upasuaji mara mbili, na kila mwezi unaopita ngozi inazidi kukaza. Daktari amemwambia mke kwamba pua isiyorudi ndani ya miaka miwili mara nyingi hairudi, na sasa umepita mwezi wa kumi na tisa. Tangu moto, tela halijatoka uwanjani hapa. Dereva alikuwa mume. Na madereva wa uwanja mmoja, hata wawe wema vipi, hawatoshi kulipia daktari wa mikono.

Tumaini lao liko kilomita mia mbili kutoka hapa, mahali panapojengwa daraja. Kuna vibarua mia tatu na kazi ya misimu miwili, na hakuna anayewauzia kahawa. Kwa miezi minne Mama Tela amekuwa akijifunza kuendesha gari linalovuta tela, akifundishwa na fundi wa gereji ya jirani. Kwenda mbele ameweza. Kurudi nyuma na tela ndiko kulikomtoa jasho.

"Ukikata kulia linakwenda kushoto. Ukilifokea linazidi," anasema. "Nikamwambia fundi, hili nimeshalizoea, nimeishi na mume." Ni mara ya kwanza siku hiyo kutabasamu, na Baba Tela, aliyesikia kila neno, anaonekana kushukuru kutukanwa.

Magurudumu yameshajazwa upepo. Wanaondoka Jumatatu. Akiulizwa kama amemsamehe mumewe, Mama Tela anasema hajafika huko, na hajui kama yeye amesamehewa. Anachojua ni kwamba ndani ya tela lile hakuna tena atakayemsitiri mwenziwe karibu na moto.

Jumamosi asubuhi, siku ya mwisho ya mwandishi uwanjani hapa, anapaka povu kama kawaida. Anatazama, anafuta, anapaka tena. Halafu hafanyi haraka kuingia ndani. Anasimama mbele ya foleni ya watu wanane, ameshika kiberiti.

"Jamani, kabla sijawasha," anasema. "Mimi sina pua. Homa iliichukua. Sisikii harufu ya gesi wala ya kahawa ninayowauzia, na mume wangu naye hivyo hivyo. Nani atapanda humu aninusie?"

Kijana mmoja anacheka, akidhani ni mzaha, kisha anaangalia glavu za Baba Tela na kukatisha kicheko. Watu wanatazama chini. Mzee wa lori la saruji anaweka mfuko wake chini, anavua viatu mlangoni kana kwamba anaingia sebuleni kwa watu, anapanda. Anasikika akifungua kabati unamopita mpira wa gesi, akiinama, akivuta pumzi, akisogeza godoro. Anachukua muda wake wote.

"Hamna kitu, mama," anasema akishuka. "Harufu ya sabuni tu."

Baba Tela, kwenye kiti chake cha plastiki, anageuza kichwa.

"Amenusa?"

"Amenusa," anajibu mkewe, na kuwasha kiberiti.