Mboga za Shemeji

Nimefanya kazi ya forodha mpakani Busia, upande wa Uganda, mpaka nikastaafu, na kazi ile haimtoki mtu. Mgeni akiingia kwangu na begi, macho yangu yanatangulia kwenye begi ndipo yapande usoni. Watoto wangu wananicheka. Nawaacha wacheke, maana wao hawajaona nilivyoona mimi: sukari chini ya mahindi, vitenge ndani ya jeneza, mwanamke mwenye mimba ya vipodozi akilia uchungu wa kuzaa mbele ya mkubwa wangu. Kwa hiyo daktari yule aliporudi Tororo na shahada zake zote, swali langu lilikuwa moja tu: huyu amebeba nini chini?

Alikuwa mtoto wa Molo, huko huko Tororo. Alisoma udaktari Kampala, akaenda ng'ambo kusomea moyo, akabaki huko kusomea figo, kisha akaanza kuandika mambo ya presha yanayosomwa na madaktari wenzake katika nchi ambazo mimi nazijua kwa majina ya kwenye makontena. Mtu wa namna hiyo harudi Tororo kwa sababu amekumbuka nyumbani. Alirudi na utafiti. Aliwaita wazee wenye presha, akawapima, akawapa dawa bure, akawakataza chumvi, na kila walipokwenda aliwachukua damu na mkojo. Sisi wa mpakani kitu cha bure tunakizunguka mara mbili kabla ya kukigusa. Mama yangu hakuzunguka. Aliweka dole gumba kwenye karatasi zake, akarudi Buteba anasifu mikono ya daktari kuwa ni laini.

"Anataka nini na mkojo wako?" nilimuuliza.

"Na wewe unautakia nini?" akanijibu.

Mama aliishi Buteba na shemeji yangu, mke wa mdogo wangu. Mdogo wangu ni dereva wa malori ya Juba, na nyumbani anakuja kama mgeni. Mimi niko mjini Busia. Kwa hiyo aliyempikia mama, aliyemfulia, aliyemkumbusha vidonge asubuhi, alikuwa shemeji peke yake. Nasema haya mapema ili ieleweke ni nani nilikuwa tayari kumfukuza.

Mambo yalianza vizuri. Presha ya mama ilishuka, akawa anapanda kilima cha kanisa bila kupumzika. Halafu siku moja daktari akanipigia simu mwenyewe. Alisema kwenye damu ya mama potasiamu imepanda. Sikujua hiyo ni kitu gani. Akanieleza kwamba ni madini ya kwenye chakula, kila mtu anayo, lakini figo za mama zimechoka na haziyatoi yote, na dawa anayotumia nayo huyazuia kidogo. Yakizidi sana moyo unaweza kusimama ghafla, bila maumivu, mtu akiwa anaongea.

Kwanza aliishuku damu yenyewe. Alisema damu ikitikiswa sana kwenye bodaboda huharibika na kutoa namba ya uongo. Akaja Buteba mwenyewe na kisanduku chake cha kubebea damu, akaibeba mapajani kwenye gari kama yai. Namba ikawa ileile. Akapunguza dawa, ikashuka kidogo, kisha ikapanda tena kuliko mwanzo. Akamkataza mama ndizi na parachichi, bado ikapanda. Ndipo akaniambia maneno ambayo hangepaswa kumwambia mtu wa forodha.

"Mzee, kuna kitu kinaingia. Sijui kinaingilia wapi."

Basi. Mtu akiniambia kitu kinaingia, mimi natafuta anayekiingiza. Na katika nyumba ile mlango ulikuwa mmoja.

Nilianza kumwangalia shemeji kwa jicho la kazini. Niligundua kwamba alikuwa amebadilika. Zamani alipika na wanawake wa jirani wakicheka jikoni, siku hizi alipika peke yake. Mama alikuwa na sufuria yake, ndogo, yenye kifuniko, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mtoto alipodokoa mboga ya bibi yake alichapwa kofi la mkononi. Nikakumbuka pia kwamba mama alikuwa amesema mbele ya watu kuwa kile kishamba cha barabarani, akifa, kiwe cha shemeji. Nikajiuliza mbona sikuliona hilo tangu mwanzo. Hasira ikanishika hata usingizi ukawa wa kuokoteza.

Siku moja shemeji alipokwenda kisimani nilikagua nyumba. Nilikagua godoro, ghala la mtama, kopo la vidonge, mifuko ya nguo zake. Jikoni niliinua kila kifuniko. Kulikuwa na mkebe mkuukuu unaning'inia juu ya chungu. Niliusogeza pembeni ili nione nyuma yake. Sikupata kitu. Lakini mzigo usioonekana ndio unaonitia wasiwasi zaidi, na jioni ile nilimpigia mdogo wangu simu Juba.

"Mke wako anarudi kwao," nikamwambia. "Daktari akishakuja wiki hii, anaondoka."

"Wewe ndiye mkubwa," akasema.

Daktari alikuja, nikampokea barabarani ili tuongee kabla hajafika. Nilimweleza sufuria, kishamba, kofi. Nilitegemea atashtuka. Hakushtuka. Aliniuliza tu vidonge vinatunzwa na nani, na niliposema shemeji, aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia jina analolijua.

"Mimi kwa miaka nimeshuku dawa," akasema. "Dawa feki. Zinapita mpakani kwenu, mzee, ninyi mkiangalia."

"Mpakani kwetu hakuna kilichopita tukiangalia," nikamwambia, na nilikuwa nimekasirika kweli. "Dawa za mama umempa wewe kwa mkono wako."

"Ndiyo. Ndiyo maana sijalala."

Tukaenda hivyo, yeye ananishuku mimi, mimi namshuku yeye, na wote wawili tunamshuku mwanamke aliyekuwa anatusubiri na chakula.

Kwetu mgeni haondoki bila kula. Shemeji alipiga magoti, akatunawisha, akaweka ugali wa mtama na muhogo, samaki wa Majanji, na kunde. Kisha akaleta ile sufuria ndogo na kuiweka mbele ya mama. Daktari akaomba aonje ya mama. Nilimwona shemeji akisita, nikajiambia: leo tumemkamata.

Daktari akamega tonge, akachovya kwenye kunde za mama, akatafuna. Akaacha kutafuna. Uso wake ulibadilika kabisa, nikashika mkono wake nikitaka kumwambia ateme. Akameza.

"Dada, hii umeweka nini?" akamuuliza shemeji, kwa sauti ya chini sana.

Shemeji alitutazama sote. Nadhani alikuwa amejua kwa siku nyingi kwamba ninamtafuta. Akasimama, akatupeleka jikoni, akatuonyesha ule mkebe niliousogeza. Ulikuwa umetobolewa matundu chini, umejaa majivu ya maganda ya maharagwe na ya ndizi, na maji ya rangi ya chai yalikuwa yanadondoka kwenye chungu. Maji ya majivu. Mama zetu wote wamelainishia kunde na mrenda kwa maji hayo. Nimeyala tangu sijaota meno.

"Musawo alisema toa chumvi ya duka," shemeji akasema, akimwonyesha daktari kwa kidevu. "Mimi nilitoa yote. Sasa chakula ikakosa ladha, mama anakataa kula. Anakonda. Nikasema, hii ya majivu si ya duka, hii ni ya shamba, haina ubaya. Nikaongeza. Ya mama naweka mingi, ndiyo sababu sitaki mutoto aguse, ni kali kwa mutoto."

"Kila siku?" daktari akauliza.

"Kila siku, musawo. Na wewe ukisema imepanda, mimi nazidi kukataa chumvi, naongeza hii tena."

Daktari akakaa juu ya gogo la kuni, suruali yake nzuri na yote. Alieleza polepole kwamba maji yale yamejaa potasiamu, ndiyo hasa nguvu yake. Kwa mtu mwenye figo nzima hayana neno. Kwa mama, juu ya dawa ile, kila sahani ilikuwa inamsukuma ukingoni. Shemeji akaziba mdomo kwa kanga na kuanza kulia. Mama, aliyekuwa ametufuata kwa fimbo yake, ndiye pekee aliyecheka.

"Mumuache mutoto wangu," akasema. "Mimi ndiyo nilimufundisha. Alikuja hapa hajui hata kuchuja."

Nilitoka nje nikampigia mdogo wangu, nikamwambia yale ya juzi ayasahau. Hakuniuliza sababu. Mkebe uliteremshwa siku hiyohiyo, na katika vipimo vilivyofuata damu ya mama ilirudi mahali pake, ingawa hadi leo akiletewa kunde anauliza kama zimepikwa au zimeoshwa tu.

Lakini nilikuwa sijamalizana na daktari. Alipotoka jikoni hakuingia kwenye gari. Alisimama karibu na migomba akanipa mgongo, na mimi, kwa tabia yangu, nikaenda kuona anaficha nini.

"Mama yangu alikufa nikiwa ng'ambo," akasema bila kugeuka. "Alianguka akichuma mboga. Dawa ilikuwa hii hii, nilimtumia mimi. Nikamwambia kwa simu aache chumvi."

Nikauliza nani alikuwa anampikia.

"Shemeji yangu. Mke wa kaka. Watu wa nyumbani walisema amemloga. Mimi nilijiona nimesoma, nikasema hapana, uchawi hakuna, ameuza dawa nzuri akampa feki. Kaka akanisikiliza mimi, maana ndiye daktari. Wakamtoa. Hata watoto wakamnyang'anya."

Ndipo nikaelewa utafiti ule. Miaka yote ile ya ng'ambo, moyo, figo, presha, safari za mikutano, alikuwa anatafuta ushahidi wa kosa la mwanamke mmoja. Na ladha aliikumbuka. Alikuwa ameila Molo kila siku ya utoto wake, sawa na mimi.

"Yuko wapi sasa?"

"Wanasema alivuka. Yuko Busia ya Kenya, ana hoteli ndogo." Akanigeukia. "Mzee, wewe unajua watu upande ule."

Ningeweza kukataa. Nilimpeleka kwa sababu wiki ileile mimi nami nilikuwa karibu kuongeza mwanamke mwingine upande ule. Tuliuliza kwa wabadilisha fedha, kwa wauza ndizi, hadi tukaonyeshwa kibanda cha mabati nyuma ya maegesho ya malori. Kilikuwa kimejaa madereva wanaokula. Mwanamke aliyekuwa anapakua alimwona daktari mlangoni, na mwiko ukabaki hewani.

"Shemeji," akasema. "Umezeeka."

Daktari alimweleza pale pale, amesimama, katikati ya kelele za sahani. Alieleza majivu, figo, dawa. Alisema, "Hukuuza dawa. Nilisema uliuza, nikakosea. Simu ile niliyompigia mama ndiyo iliyomuua." Mwanamke alimsikiliza huku anaendelea kuwapakulia watu, na machozi yalimtoka bila kuyafuta.

"Watoto wangu wananiita shangazi," akasema alipomaliza. "Hilo nalo umelipima?"

Daktari akaomba tu akae. Mwanamke akamwonyesha benchi, nami nikakaa kando yake. Mimi aliniletea ugali na kunde, sahani imejaa. Daktari akangoja yake. Mwanamke alikwenda nyuma, akarudi na chupa ya maji ya dukani, akaiweka mbele yake, akaigeuza taratibu ili lebo imwelekee daktari.

"Chakula changu sikupi," akasema. "Hii haijafunguliwa. Kagua kwanza, shemeji, ndiyo unywe."

Daktari aliishika ile chupa kwa mikono yote miwili. Alikaa nayo hivyo, imefungwa, mpaka nilipomaliza kula.