Kurasa Tatu Zilizoshonwa

Huyu ndiye Fundi Tepu: binti wa seremala aliyetengeneza nusu ya milango ya mtaa wetu, mjukuu wa mkunga ambaye hakuwahi kupoteza mzazi hata mmoja mikononi mwake, dada wa mume wangu, mshonaji wa sare za shule mbili, na mtu wa kwanza katika ukoo wao kuvaa joho la chuo kikuu, akiwa na miaka hamsini na miwili na pengo mbele. Nimemwita wifi kwa miaka arobaini na minane. Nusu ya miaka hiyo tumetaniana, robo tumenuniana, na iliyobaki namshukuru.

Jina la Tepu alilipata kwa sababu tepu yake ya kupimia haikutoka shingoni, hata msibani. Chumba chake cha kushonea kilikuwa na dirisha moja, cherehani ya miguu, kioo kilichopasuka pembeni, na daftari la jalada jeusi lenye vipimo vya wateja. Majina hakuandika. Alisema majina yanafanana, nguo hazifanani. Kwa hiyo ungekuta ameandika "Zambarau, kola pana", halafu kifua, kiuno na urefu, kila mteja na ukurasa wake.

Miaka ile Ukimwi ulipoingia majumbani bila hodi, tepu yake ilijua kabla ya daktari. Mtu anakuja kiuno thelathini. Baada ya miezi anarudi kupunguza nguo, kiuno ishirini na nane, anasema ni mawazo tu. Anarudi tena, ishirini na tano. Kuna gauni moja wifi alilipunguza mara tatu: mara mbili kwa mama, mara ya tatu kwa binti wa mama huyo. Siku hiyo hakula.

Kisha dawa zikaja, tukashukuru, tukadhani yamekwisha. Lakini tepu ikaendelea kusema vilevile. Watu wamepewa dawa na bado wanakonda. Wifi akaanza kuona jambo: wanawake wanamwomba awashonee mfuko wa ndani, tena aujaze pamba. Vidonge vilikuwa vinakuja katika chupa ngumu, na chupa ikitembea ndani ya mkoba inalia kama kayamba. Kila jirani aliujua mlio ule. Asiye na mfuko wa pamba aliiacha chupa nyumbani akienda kwa wakwe, akienda harusini, akienda kuuguza. Siku tatu bila dawa, siku saba, siku kumi.

Wifi alikwenda zahanati kueleza. Muuguzi mkuu alimsikiliza huku akipanga mafaili, akamwambia kwa upole kwamba wakubwa hawabadilishi mambo kwa maneno ya fundi cherehani, wanataka utafiti.

"Huo utafiti unapatikana wapi?" wifi akauliza.

"Chuo kikuu, mama."

Basi akaenda kuutafuta. Cheti chake cha sekondari alikuwa nacho, kimekunjwa ndani ya kopo la vifungo. Akasoma ustawi wa jamii, masomo ya jioni, asubuhi anashona. Tulimcheka, sikatai. Mume wangu alimwuliza kama atabeba na mkongojo. Mimi nilisema mtu akikosa mume wa kumpikia hutafuta daftari la kulishika. Yeye akanijibu kwamba daftari halikoromi.

Mwaka wa tatu akatakiwa kuandika utafiti wake. Akalipeleka lile daftari jeusi darasani, moyo mweupe kabisa. Miaka kumi na minne ya viuno, na kwenye ukurasa wa kila aliyeomba mfuko wa pamba, alama ndogo ya tarehe alipouomba. Mwalimu wake alifurahi mno, akasema hajawahi kuona kitu kama kile, na kwa kuwa hakuna jina hata moja, basi hakuna siri iliyotoka. Daftari likapita mkono kwa mkono. Likafika kwa kijana mmoja wa mtaa wetu, akasoma kwa sauti, "Zambarau, kola pana," kisha akasema, "Aa, huyu namjua. Alilivaa kwenye harusi ya kaka yangu."

Hapo ndipo wifi alipoona kosa ambalo fundi tu angelifanya. Mtaani kwetu mtu anaweza kusahau jina lako, lakini gauni lako halisahau. Alisimama, akamnyang'anya yule kijana daftari, akamfuata nje baada ya kipindi na kumwapisha kwa kaburi la mama yake asilitamke tena lile neno. Nashukuru, kijana aliushika ulimi wake.

Mwalimu alimwambia aandike tu upya kwa namba, muda unakwisha. Wifi akakataa. Alisema viuno si vyake, ni vya wenyewe, na hataandika hata kimoja bila ruhusa. Bila utafiti hakuna shahada, na bila shahada hakuna atakayemsikiliza kule zahanati. Alijua. Akakubali kurudia mwaka mzima, akaanza kupita nyumba kwa nyumba.

Kurasa zenye alama zilikuwa ishirini na tisa. Ishirini na sita wenyewe walikubali, wawili walikataa. Ukurasa mmoja uliandikwa "Vitone vya kijani, mikono mirefu", na huo ulimleta kwangu.

Vitone vya kijani lilikuwa gauni la binti yangu wa pili. Wakati huo alikuwa amerudi nyumbani na mtoto mchanga mgongoni, anaumwa, nami nilikuwa nimehamia chumbani kwake kumwuguza. Niliambiwa ni vidonda vya tumbo, nami nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini. Yeye mwenyewe alishamwambia shangazi yake kwamba lolote litakalosemwa na mama, ndilo hilohilo. Wifi hakutaja ugonjwa. Aliomba ruhusa ya ukurasa tu. Mimi nikamwambia kwangu hakuna maradhi ya aina hiyo, akapime nyumba yake.

Nilidhani atanuna. Alitoa sindano kwenye kola, akaukunja ule ukurasa, akaushona pembe zote mbele ya macho yangu, kama alivyoshona za wale wawili, akakata uzi kwa meno. Alipofika mlangoni akageuka.

"Wifi, rudi ukalale chumbani kwako."

"Nani atamwangalia mwanangu?"

"Mwache alale peke yake. Mwezi mmoja tu. Nifanyie hilo, wala usiniulize."

Nilikasirika, lakini nilirudi chumbani kwangu. Mwezi wa kwanza binti akaomba uji wa pili. Mwezi wa tatu akafua mwenyewe. Mwezi wa sita tukampelekea shangazi yake lile gauni la vitone, akalifumua mapindo ya ubavuni, alilegeze. Ndipo binti aliponieleza. Chupa ilikuwa ndani ya godoro, shangazi yake tu alijua, na kwa wiki tano hakuweza kuitoa kwa sababu mimi nilikuwa nimelilalia. Nilikuwa namlinda mwanangu asipone. Mficha maradhi kilio humuumbua, wanasema. Kwetu aliyeficha nilikuwa mimi, na kilio kiliepushwa na mtu niliyemfukuza mlangoni.

Ule utafiti ulipita. Siku ya mahafali wifi alikuwa kwenye foleni na pini mdomoni, anawapindia wenzake majoho yaliyokuwa yanaburuta, nusura waitwe bila yeye. Na zahanati safari hii walimsikiliza: dawa zikaanza kutolewa ndani ya mifuko laini, na yeye akaajiriwa hapohapo, ofisa ustawi. Ofisini akaingiza cherehani yake. Anayeingia ana dawa au ana suruali ya kupindwa, wa nje hawezi kujua. Binti yangu alikwenda mwenyewe akaufumua ukurasa wake, na hata haya ameniruhusu niyaandike.

Mwezi uliopita wifi alistaafu, baada ya kuongezewa mkataba juu ya mkataba. Macho hayaoni tundu la sindano. Mjukuu wangu, yule aliyekuwa mchanga mgongoni, amemaliza shahada ileile na amepewa ofisi ileile. Siku ya kwanza nilimsindikiza, akafika na maswali yake arobaini ya kuwauliza wagonjwa, yamepigwa chapa vizuri. Wifi akayasogeza pembeni kama mabaki ya kitambaa.

"Maswali yatakuja. Miezi mitatu ya kwanza pinda suruali za watu."

"Bibi, mimi sijui kushona."

"Utajifunza. Mimi nilijifunza takwimu."

Akamvika tepu shingoni, akampa daftari jeusi. Akamshika kidole, akakipitisha kwenye pindo la kurasa mbili ambazo mpaka leo zimeshonwa.

"Hizi huzifumui wewe, wala mkuu wako, wala profesa. Mwenyewe akija na mkasi wake, mpishe akae. Asipokuja, zeeka nazo, kisha mtafute wa kumpa."

Mjukuu akaitikia. Mlango ukagongwa, mwanamke akaingia na sketi mkononi. Mjukuu wangu akanitazama mimi, nami nikamtazama bibi yake.

"Anza na kiuno," wifi akamwambia.