Mwaka Tulioozesha Maboga

Harufu ya majani ya maboga yaliyovunjwa asubuhi, ile harufu mbichi inayobaki vidoleni hata ukinawa, hunirudisha nyuma ya nyumba yetu Kidodi, kwenye bustani ya shangazi yangu Mwanaidi. Nilikuwa na miaka tisa.

Shangazi alikuwa amerudi nyumbani kutoka Mikumi baada ya ndoa yake kuvunjika. Hakuwa amejaliwa mtoto. Alikuja na begi moja, na wiki haijaisha akawa ameshalima kile kipande cha nyuma ya bafu tulichokuwa tunamwaga majivu. Akapanda mchicha, bamia, mrehani kwenye kopo la rangi, na kando ya uzio, maboga. Vyote vilistawi. Maboga yalitambaa, yakapanda uzio, yakachanua maua makubwa ya njano, lakini kila kiboga kilichotokea kilifika ukubwa wa limau, kikanyauka, kikadondoka.

Jirani yetu Mama Salumu alikuja kuomba mboga, akaviona viboga chini. Alimwambia bibi yangu, wala hakushusha sauti, kwamba labda angepanda mtu mwingine, maana mkono wa Mwanaidi unajulikana kuwa hauzai. Shangazi alikuwa hatua tatu tu, anachuma bamia. Aliendelea kuchuma.

Kesho yake alikwenda kwa bwana shamba, akarudi karibu anakimbia. Aliniambia nyuki wamepungua, kwa hiyo maua hayakutani. Lipo ua dume, lenye kikonyo chembamba, na lipo ua jike, lililokalia kiboga kidogo. Itabidi tuyakutanishe wenyewe, mapema, kabla jua halijayafunga.

Nilikimbia jikoni kumwambia bibi kwamba kesho tunaozesha maboga. Bibi aliacha kupepeta mchele, akauliza chakula kimetukosea nini hadi tukiozeshe. Ilibidi shangazi aje kueleza kwamba ni kuozesha kwa harusi, na bibi alicheka mpaka akajifuta machozi.

Asubuhi, malori ya miwa yakiwa yameanza kunguruma barabarani, tulikuwa bustanini, miguu imelowa umande. Moyo ulinidunda kama siku ya Idi. Shangazi alichuma ua dume, akalibandua njano yake yote, kikabaki kijiti chenye unga. Nilidhani ataupaka mwenyewe unga ule kwenye ua jike. Akanikabidhi mimi.

"Kwa nini usipake wewe, shangazi?"

"Wewe una mkono mdogo. Paka taratibu."

Nikapaka maua manne, na kila moja nikalipigia kigelegele hadi kuku wakatawanyika.

Kuanzia hapo sikuvaa sare ya shule kabla ya kwenda kuyakagua. Siku ya tatu hakuna kilichonyauka. Siku ya sita vilikuwa kama ngumi yangu, nikamtangazia kila niliyekutana naye njiani, hata mwalimu, niliyemwamkia shikamoo na kumpa habari za maboga kabla hajaitika. Kimoja kilidondoka. Vitatu vilinenepa mpaka kimoja sikuweza kukikumbatia.

Boga la kwanza shangazi alinituma nilipeleke kwa Mama Salumu. Nilinuna, lakini nikalipeleka. Alilipokea kwa mikono miwili, akauliza nani kalipanda.

"Shangazi Mwanaidi," nikasema.

Akaniambia nimpelekee shukrani.

Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba nina mkono wa bahati, na shangazi hakunipinga hata siku moja. Kisha nikaolewa, na mwaka wa nne ukapita bila mtoto. Siku moja rafiki yangu aliyejifungua alininyooshea kichanga chake nimpakate, nikajikuta nimeficha mikono ndani ya khanga. Hapo ndipo nilipoielewa asubuhi ile ya maboga. Udogo wa mkono wangu haukuwa sababu. Shangazi aliyasikia maneno ya Mama Salumu, na akaanza kuuogopa mkono wake mwenyewe.

Nilimpigia simu nikamwuliza. Nikasikia anacheka.

"Msimu uliofuata nilipaka mwenyewe, wewe ukiwa shule," alisema. "Yalishika yote."