Ukurasa wa Basi la Nakonde

Nitangulize samahani. Niliishia darasa la saba, mwandiko wangu unalala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na nikiharakisha naruka herufi. Kwa hiyo siharakishi. Haya yamenichukua wiki tatu, kwanza kwenye daftari, kisha kwenye simu. Palipo na kosa pita tu, utanielewa.

Kwetu ni Msangano. Nilikuja Tunduma kufanya kazi kwenye duka la kutoa kopi na kuchapa barua, karibu na mpaka. Mwenye duka namwita kaka, ingawa si ndugu yangu. Mimi nilikaa kwenye mashine ya kopi. Ni kazi nzuri kwa mtu asiyependa kuongea: unapokea kitambulisho, unakilaza kwenye kioo, unabonyeza, unarudisha.

Wasafiri ndio walioongea. Kila siku waliuliza yale yale: hati ya muda ya kusafiria inatolewa wapi, mwenye mzigo mdogo anapita dirisha gani, basi la kwenda ndani ya Zambia linaondoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, saa ngapi. Nilikuwa najibu kwa kuonyesha kidole. Baadaye nikaanza kuyaandika maswali kwenye daftari, na kila swali likirudi naweka kijiti mbele yake. Swali la basi lilipata vijiti hadi mstari ukaisha.

Kaka aliliona lile daftari. Yeye mwenyewe alikuwa ametengeneza tovuti mbili tatu, mojawapo ya kwaya, na zote zilikaa bila mgeni. Akasema wanaoniuliza dukani ni wachache, wengi wanaiuliza simu wakiwa bado kwao, na simu haina la kuwajibu. Nyuma ya duka kulikuwa na kompyuta ya pili. Tukapatana kwamba mchana itakuwa yangu, nitengeneze tovuti ndogo ya kuvuka mpaka, isiyo na kitu kingine. Msimu wa kahawa ukifika, watu wa Mbozi huleta kazi nyingi za kuchapa, basi hapo tutaangalia. Kama kuna ukurasa wangu hata mmoja unaotokea mwanzoni mtu akitafuta, kompyuta inabaki kwangu. Kama hakuna, inarudi kwenye kuchapa, na mimi kwenye kopi kutwa nzima.

Sikumbuki kama nimewahi kutaka kitu kuliko nilivyoitaka ile kompyuta. Pale nyuma niliweza kumweleza mtu jambo kwa urefu bila yeye kunitazama usoni.

Nilijifunza kwa kuangalia video na kwa kukosea. Video moja ilisema neno linalotafutwa lirudiwe mara nyingi, nikaandika ukurasa ambao kila sentensi ilikuwa na neno Tunduma. Kaka aliusoma kwa sauti mbele ya wateja, kama mtu wa mnada, wakacheka, na mimi nikajifanya nabadilisha karatasi kwenye mashine. Nikaufuta. Nikaanza upya kwa njia niliyoijua: juu naweka swali kama wasafiri walivyoliuliza, chini yake jibu la sentensi mbili, kisha maelezo. Ukurasa mmoja ulinichukua siku nne. Kwa muda mrefu injini ya utafutaji haikuonyesha kama inajua nipo. Nikaipelekea orodha ya kurasa zangu. Nikapunguza ukubwa wa picha, maana kwenye simu ndogo zilichelewa kufunguka. Mwalimu mmoja wa Mbozi, anayeandika mtandaoni juu ya miche ya kahawa, akaweka kwenye tovuti yake kiungo cha kuja kwangu. Baada ya hapo ukurasa wa basi ukaanza kuonekana, mbali chini, kisha ukapanda taratibu. Tovuti kubwa zilikuwa na aya moja juu ya mpaka wetu, mimi nilikuwa na mpaka peke yake.

Asubuhi moja kaka alitafuta kwenye simu yake, akanigeuzia kioo. Ukurasa wangu ulikuwa wa kwanza. Akanimiminia chai.

Zilikuwa zimebaki wiki chache msimu uanze, nikapata ujumbe kwenye sehemu ya maoni. Mwandishi alikuwa mama mmoja kutoka Iringa. Alikuwa anakwenda Mpika, ndani ya Zambia, kwa binti yake, aliyekuwa apasuliwe kesho yake asubuhi. Ukurasa wangu ulisema basi linaondoka saa tano. Alivuka mapema, akakaa kunywa uji kando ya stendi, akawa anaangalia saa ya simu. Ilipomwonyesha saa nne na dakika kumi, aliinuka taratibu akaulizie basi. Likawa limeshaondoka. Alipofika Mpika kwa gari jingine, binti alikuwa ameshaingizwa chumba cha upasuaji. Hakutukana. Aliandika, "Nilitaka anione kabla hajaingia."

Niliusoma mara nyingi kabla sijaelewa. Wenzetu wa Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja, saa tano yetu kwao ni saa nne. Sisi wa Tunduma tunavuka barabara mara tatu kwa siku na saa zetu hatuzigusi, tunasema saa tano hata tukiwa tumesimama ng'ambo, na anayetusikiliza anajua. Niliandika hivyo hivyo, kama ninavyosema. Lakini simu ya yule mama ilipodaka mnara wa Zambia ilijirudisha nyuma yenyewe. Yangu haifanyi hivyo, niliizima hiyo sehemu zamani, kama watu wengi hapa.

Nikamwambia kaka nataka kuurekebisha ukurasa wote, na juu kabisa niandike kwamba ulikuwa na kosa. Akakataa. Alisema injini ya utafutaji ikikuta ukurasa umepinduliwa huanza kuupima upya.

"Mdogo wangu, ukurasa ulioko juu haushikwi. Ongeza mstari mmoja chini, basi."

"Chini hawafiki, kaka. Mama wa watu ameachwa."

"Ameachwa na basi, hakuachwa na wewe."

"Saa niliiandika mimi," nikasema. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilimjibu.

Akaniambia makubaliano yetu ya kompyuta nayajua, nifanye ninavyoona.

Kesho yake nilivuka kwenda kuuliza saa za mabasi yote, moja moja, kwa mdomo, kazi niliyokuwa nimeikwepa tangu mwanzo kwa kusikiliza tu yanayosemwa dukani. Wakala wa kwanza alinisalimia "Mulishani, sista." Nikamuuliza saa anayonitajia ni ya upande gani. Akawaita wenzake waje wanione.

"Huyu amekuja na saa ya kwao mkobani. Sista, huku ni Zambia, hiyo kaiache kwa mjumbe wako wa nyumba kumi."

Walicheka sana, lakini walinijibu wote, na mmoja alinishikia daftari nikiandika. Nilirudi nikaandika kila basi kwa saa zote mbili, ya Zambia kwanza, na juu kabisa nikaeleza kosa langu kwa herufi nene.

Ndani ya wiki mbili ukurasa ulishuka hadi ukurasa wa pili wa matokeo. Sijui kama ni kwa sababu ya mabadiliko yangu, kaka anasema ndiyo. Msimu wa kahawa ulipoanza alitafuta tena mbele yangu, tukaangalia pamoja, hatukuona kitu mwanzoni. Akahamishia kazi za kuchapa kwenye kompyuta ya nyuma. Hakunisema, na mimi sikuomba. Sasa nairekebisha tovuti kwa simu, kidole kimoja, wateja wakipungua.

Yule mama aliusoma ukurasa mpya akajibu. Binti amepona. Kisha akaongeza kwamba choo cha stendi nilikielekeza kulia, na kiko kushoto. Nimeshakihamisha.

Hicho nisingekijua, maana mimi sina sababu ya kukitafuta. Kwa hiyo nawaomba mliowahi kuvuka hapa kwetu mkaona kitu tofauti na nilivyoandika, dirisha, njia, saa, chochote, mniandikie. Barua fupi inatosha, na mwandiko wowote nitausoma. Nitachelewa kujibu, lakini nitajibu.