Kitambaa cha Bibi Juu ya Kompyuta

Kila ninaposikia harufu ya vumbi lililopata moto, narudi sebuleni kwetu mtaa wa Linden, pale Columbus, Marekani, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Kwenye kona, chini ya dirisha lililoota barafu, ilikaa kompyuta tuliyopewa kanisani, ikinguruma kama paka aliyeshiba. Mama aliifunika kitambaa cheupe chenye maua mekundu, alichodarizi bibi yangu kule milimani Kivu. Kwetu redio ilifunikwa, televisheni ilifunikwa, hata mkate ulifunikwa. "Kitu ya maana haikalake uchi," Mama alisema. Wakati wa kuitumia tulifunua kioo tu. Kasha lenye mitambo lilibaki limevishwa mpaka chini, nasi tuliona ndiyo heshima.

Kompyuta ile ilikuwa nzito kupita kiasi. Ukibonyeza kitu, ungeweza kwenda jikoni, ukageuza ndizi kwenye kikaango, ukarudi ukaikuta bado inawaza. Majira yale ya baridi niliyaishi hivyo, nusu macho nusu ndoto, nikitazama kiduara kikizunguka kiooni na theluji ikishuka nje, nisijue kipi kinamfuata mwenzake. Niliupenda ule utulivu, sitadanganya. Lakini Mama hakuwa na nafasi ya kuota. Alikuwa akisomea kazi ya kuhudumia wazee, ili aache kubeba maboksi ghalani, kazi iliyomuumiza mgongo. Mtihani ulifanywa humo humo kwenye kompyuta, kwa muda uliopimwa. Mara mbili ukurasa uliganda hadi muda ukamwishia. Ilibaki nafasi moja tu.

"Weye ndiyo unasoma, ifanyie kitu," aliniambia. "Ikilala tena, mimi nabakia na maboksi."

Basi nikajitia fundi. Nilikuwa nimesoma mtandaoni kwamba kompyuta nzito hupunguziwa mzigo. Nikafuta michezo yangu, nikafuta picha, kisha nikakuta mafaili makubwa yasiyo na majina, namba tupu. Kufungua moja tu kungechukua robo saa, nami nilikuwa na haraka. Nikayafuta yote, nikamwaga na pipa la taka la kompyuta. Jumamosi Mama alifua kitambaa kwa sababu ya wageni wa kanisani, akakianika, akaketi kufanya mtihani. Kompyuta ilikimbia! Akafaulu, akapiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta, nami nikazunguka nyumba nzima kifua mbele.

Jioni kitambaa kilirudi mahali pake. Haikupita saa, mashine ikaanza tena kuhema. Niliingiza mkono chini ya yale maua mekundu, nikakuta joto la sufuria. Nilipokiondoa, ikapumua, ikakimbia. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

"Donc, kumbe ni sisi ndiyo tulikuwa tunaifunga pua! Bon, sasa iko mbio, nifungulie sauti ya mama yangu. Nataka nimwambie nimefaulu."

Bibi alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Sala na nyimbo alizotutumia kwa simu tulikuwa tumezihifadhi humo. Nilitafuta kila mahali, sikuona chochote. Ndizo zilizokuwa yale mafaili ya namba tupu. Nilikuwa nimezifuta, tena bure. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Siku ile mjukuu alikuwa mimi.

"Mama, I'm sorry," nililia. "Nimezifuta zote."

Hakunipiga. Alikikunja kitambaa mapajani, kisha akasema, "Bon. Nirekodi." Akaimba mwenyewe wimbo wa mama yake.

Leo naishi Buffalo. Mama bado anahudumia wazee kule Columbus, na kitambaa anacho yeye, amekitandika mezani. Kompyuta yangu hufunguka kabla sijakaa vizuri, na wimbo ule huanza papo hapo. Lakini kwenye ubeti wa tatu Mama anasita, kwa maana maneno yake aliyajua bibi peke yake, na mimi ndiye niliyeyafuta. Unasikika tu mngurumo wa ile mashine ya zamani, bila kitambaa, ikisubiri pamoja nasi. Nimeusikiliza miaka mingi, na kila nikifika hapo naacha kupumua, nikitumaini kwamba safari hii Mama atakumbuka.