Elektroni Kumi na Moja kwenye Tablo

Mimi mbele ya tablo, ule ubao wa darasani, sikuwahi kutetemeka. Niseme hivyo mapema, maana watu wakisikia kwamba nilikosea mbele ya inspekta hudhani niliogopa. Sikuogopa. Niliingia darasani kifua mbele, shati limepigwa pasi ya makaa, na nilikosea kwa sauti kubwa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, pale misheni ya Baraka, tulipokuwa tukisomea umonitere ili tufundishe watoto wa shule ndogo. Mwaka ule padri mwalimu wetu alitangaza kwamba mmoja wetu atapelekwa Bukavu kuendelea na sayansi. Mmoja tu. Mwishowe tulibaki wawili: mimi, mtoto wa wakulima wa Lubondja, na mwenzangu wa Lweba, mtoto wa wavuvi, ambaye akisoma kitu alikishika mpaka nukta. Kila mmoja angetoa somo la kemia mbele ya inspekta. Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote, wala sikumficha mtu.

Juma ambalo padri alifundisha atomu, mimi nilikuwa nimelala na malaria. Nilipopona nilimwomba yule wa Lweba kaye yake, daftari la masomo, nikanakili: kiini katikati, maduara matatu yakikizunguka, na nafasi za elektroni, mbili duara la ndani, nane la kati, nane la nje. Duara la nje likiwa na nane, atomu inatulia. Haikuandikwa elektroni zinaanza kukaa wapi. Kuuliza si ujinga, lakini mimi niulize nini? Nililelewa vizuri, najua namna ya kukaa.

Kwetu Wabembe, katika lubunga, ile nyumba ambamo wanaume hukaa kuzunguka moto, kijana akifika wa kwanza haendi kukaa motoni. Anakaa huku pembeni, karibu na mlango. Nafasi za motoni ni za wazee, hata kama bado wako mashambani. Ukizikalia utatolewa kwa maneno ambayo hutayasahau. Basi elektroni nazo nikazikalisha kwa heshima.

Somo langu lilikuwa chumvi, hii hii tunayotia kwenye samaki. Nilichora sodiamu na elektroni zake kumi na moja: nane duara la nje, tatu la kati, la ndani nikaliacha tupu. Nikarudi nyuma hatua moja kuitazama picha yangu. Ilinipendeza.

Inspekta akainua kichwa. "Pale ndani hakuna kitu?"

"Bado, Bwana," nikajibu. "Ni nafasi za wakubwa."

Padri alijishika paji la uso. Wenzangu hawakucheka hata kidogo. Wao waliona ni sawa kabisa.

Nikaendelea. "Sasa sodiamu inaipa klorini elektroni moja ya nje..." Hapo chaki ikasimama. Duara langu la nje lilikuwa na nane, limetulia, kama nilivyofundisha mwenyewe dakika chache nyuma. Nani aondoke pale, na kwa sababu gani? Nikaitazama tena picha yangu. Kisha nikaelewa, yote kwa mara moja: elektroni hazina adabu yetu. Inayofika kwanza inakimbilia moto. Kiini kinazivuta, nafasi za ndani zinajaa kwanza, na ile ya kumi na moja inabaki peke yake huko nje, haijashikwa sana, ndiyo maana ni rahisi kuitoa.

Nikafuta tablo. "Nimekosea," nikasema, nikachora upya: mbili, nane, moja. Nikaeleza kwa nini, na nasema bila aibu kwamba sikuwa nimewahi kufundisha vizuri namna ile.

Mwenzangu alitoa somo lake bila kosa hata moja. Inspekta alipomuuliza kwa nini sodiamu inatoa elektroni moja, alijibu, "Juu iko na moja ya inje," yaani kwa sababu ina moja ya nje. Akaulizwa kwa nini hiyo moja inaondoka. Akarudia jibu lile lile. Padri alinitetea, lakini inspekta alisema monitere anayekosea kwenye tablo anakosesha darasa zima. Nafasi ikaenda Lweba.

Roho iliniuma. Nilimwonea mwenzangu wivu mpaka salamu yake nikawa naijibu kwa kichwa tu.

Asubuhi ya safari yake, kamyo ilisimama mbele ya misheni na magunia ya mpunga. Aliponiona naelekea darasani, alishuka kutoka juu ya magunia, kaye mkononi.

"Ndugu yangu, unisaidie," akasema kwa sauti ya chini. "Kule bataniuliza. Ile elektroni ya inje, juu ya nini inaondoka? Siku ile ulieleza, lakini mi sikusikia muzuri."

Ningeweza kumwambia asome kaye yake. Neno hilo lilikuwa tayari mdomoni. Dereva akapiga honi. Nikaichukua kaye, nikaiweka juu ya goti, nikachora kiini na maduara yake, nikamweleza jinsi kiini kinavyozishika sana zilizo karibu na jinsi ile ya mbali inavyoachia. Aliuliza mara mbili, nikarudia mara mbili. Ghafla akacheka peke yake, akaanza kunieleza mimi, na alieleza sawasawa. Hapo nikajua mimi ni mwalimu kweli, na kwamba Bukavu nimempa kwa mkono wangu mwenyewe.