Inzi Waliokataa Kukua

Enzi zetu kule Kinole hatukuhitaji kalenda, tulinusa tu. Karafuu zikianikwa kwenye mikeka, tulijua shule inakaribia kufungwa. Mdalasini ukibanduliwa, mikono ya mama zetu ilinukia mpaka kwenye ugali. Mafenesi yakiiva, inzi walikuwa wengi kuliko watu, na tulikula huku tunapunga mkono bila hata kukatisha maongezi. Kijana wa siku hizi akiona inzi mmoja anakimbilia dawa ya kupuliza, kisha anakaa nje nusu saa akisubiri chumba kipoe.

Lakini inzi ninaowakumbuka zaidi si wale wa mafenesi. Hawa waliishi kijitoni, chini ya migomba ya bibi, mahali ambapo jua lilifika kwa kuchungulia. Kichwa cha kila mmoja kilitoa vijiti viwili, kimoja kulia na kimoja kushoto, na jicho lilikaa kwenye ncha ya kijiti. Ukimtazama kwa mbele alifanana na mtu aliyebeba ndoo mbili za maji kwa mti begani. Kwa hiyo tuliwaita inzi wa mzega.

Rede na kombolela tulicheza shuleni. Kijitoni tulicheza kupimana. Jioni, inzi wale walijipanga kwenye nyuzi za mizizi zilizoning'inia ukingoni, na kila mtoto alikuwa na uzi wake. Madume mawili yakikutana yalisimama uso kwa uso, yakatanua miguu ya mbele na kulinganisha mizega. Mwenye macho ya karibu karibu alirudi nyuma mwenyewe, bila ngumi.

"Wako kashuka! Beba ndoo yangu!" alikuwa akipiga kelele dada Mwanahawa, binti wa mama mkubwa, ambaye alinizidi kama miaka sita. Ndoo yake ya maji niliibeba mimi, mshindwa, karibu kila jioni.

Kwenye uzi wa chini kabisa, peke yao, walilala wengine wenye vijiti vifupi sana, kama masikio ya panya. Tulisema ni watoto. Tulikuwa na ushahidi: siku moja tulimwona inzi ametoka tu kwenye ganda lake, macho yakiwa yamebanana na kichwa, kisha vijiti vikarefuka palepale tukitazama. Basi tukaamini hao wafupi wanasubiri zamu yao. Hata bibi alituunga mkono. "Waacheni," alisema. "Na ninyi mlikuwa hivyo hivyo."

Kisha Mwanahawa akavunja ungo, akawekwa ndani. Wasomaji wa rika langu mnajua mambo ya mwali: haonwi na wanaume, hatoki mchana, anafundwa na kungwi, anayemwita somo, mpaka wakubwa waseme ametosha. Lini watasema, hakuna aliyemwambia. Mimi, kwa kuwa nilikuwa msichana mdogo, nilipewa kazi ya kumpelekea chakula. Siku ya kwanza hakuniuliza habari za shule wala za mama.

"Nani ameshika uzi wangu?"

"Hakuna."

"Asishike mtu. Kesho niletee wale wadogo. Wakiwa na mizega, na mimi nitakuwa nimetoka."

Nikampelekea kwenye chupa ya jamu, na ganda la ndizi lililoanza kuoza ndani yake, mdomo umefungwa kwa kipande cha kanga. Chumba kilinuka moshi, mafuta ya nazi na ndizi. Tuliinama pamoja kwenye mwanga wa ufa wa dirisha.

"Huyu karefuka."

"Hajarefuka, dada."

"Umeziba mwanga wewe! Sogea. Tazama tena."

Nilitazama tena na tena. Wakifa nilimletea wengine, naye aliwapokea kama wanafunzi wapya: "Karibuni darasani, mchelewaji akae nyuma." Kungwi alimsikia akafoka kutoka ukumbini.

"Mwali gani anacheka na inzi?"

"Wananifundisha kutulia, somo," akajibu. Nikaziba mdomo kwa kanga nisicheke.

Lakini kadiri siku zilivyokwenda, vicheko vilipungua. Alikuwa anaishika ile chupa karibu kabisa na jicho, na ugali unapoa.

Siku ya kumtoa ilifika wakati vijiti vya inzi vingali vifupi. Ngoma zililia, akapakwa mafuta, akavishwa kanga mpya, akabebwa mabegani. Msafara ulipita juu ya kijito. Nilitaka atazame chini, lakini mwali huinamisha uso, na hakutazama. Kabla ya karafuu za mwaka ule kukauka alikuwa ameolewa Kilosa. Chupa ilibaki dirishani. Nikaenda nayo kijitoni, nikaifungua.

Tangu hapo mguu wangu haujatulia. Nimeishi Tunduma, Geita na Mtwara, na kila mahali nilipofika nimewaza kuhama. Mwaka huu nimepanda tena Kinole, na pale kijitoni nikamkuta binti mmoja mtaalamu wa wadudu, amechuchumaa na kichupa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unawachukua watoto hao?"

Akatabasamu. "Si watoto, mama. Inzi akishatoka kwenye ganda na macho yakanyooka, hakui tena. Sisi pia tuliwachanganya na wale wakubwa, mpaka tulipowaweka kwenye hadubini. Mabawa ni tofauti. Ni kundi lao wenyewe, na ni adimu. Hatujawapata penginepo."

Nilikaa juu ya jiwe, nikampigia simu Mwanahawa. Siku hizi yuko Mafiga mjini, ana wajukuu na magoti mabovu. Nikamweleza yote. Alicheka mpaka akakohoa.

"Kumbe nilikuwa nasubiri watu wazima wakue!" Kisha kicheko kikakatika. "Na mimi niliyekuwa mtoto, wakasema nimekua."

Niliinama nikautazama uzi wa chini. Maji yalipita.

"Wapo bado?" akauliza.

"Wapo. Uzi ule ule wa chini."

"Usiondoke basi. Jumamosi nakuja."

"Utashukaje huku na magoti hayo?"

"Kwa makalio, kama zamani."

Siku hizi kwetu hakuna tena mwali wa kufungiwa, na nashukuru wajukuu zake wanasoma. Watakuja naye, watapiga picha mbili, wataulizana kama kuna mtandao. Hawatajua kwa nini bibi yao anainama mbele ya kamzizi. Mimi begi langu nimelifungua, nguo nimezitundika. Kila jioni nashuka kijitoni kuulinda uzi wake, asishike mtu.